Shimo la Shilingi Nne

Gathogo ana mashine mbili na stuli moja,
orofa ya pili, Barabara ya Dubois,
na stuli ni ya mteja anayelipa taslimu.
Mimi nimesimama.

"Hapa tuweke kamera," ananiambia, "kamera ya dhahabu,
na chini yake: harusi, ruracio, mahafali, mazishi,
pasipoti dakika tano, video, droni..."
Droni sina, Gathogo.
"Utakuwa nayo. Kadi hutangulia."

Ukutani kabandika kazi zake:
fundi wa mabomba mwenye herufi za mwaliko wa harusi,
wakili aliyeshindiliwa hadi ukingoni kama gunia la viazi,
mganga wa meno, na meno yenyewe.
Nikazisoma zote mara mbili.
Nikafumba macho nitaje namba moja tu,
sikuwa nayo.

Baba hakuwa na kadi.
Alikuwa na muhuri wa mpira na wino wa zambarau
uliokaa kwenye kidole gumba chake hadi tulipomwosha.
Kila picha aliyopiga Bustani ya Uhuru, Jumapili,
watoto na soda, wapenzi waliokaa mbalimbali,
aliigeuza akaigonga mgongoni:
M. KILONZO, PANGANI. NAKALA ZIPO.
Basi.
Miaka kumi na tisa baada ya kumzika
mwanamke alibisha kwetu, picha mkononi,
akauliza kama nakala bado zipo.

Zilikuwepo. Kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Wahenga hawakulipa kodi ya chumba Ngara.

Toa kamera, nikamwambia. Toa dhahabu. Toa orodha.
Akawa anatoa kimoja kimoja kwa huzuni,
kama mtu anayenyonyoa kuku asiyemla.
Likabaki jina, Syombua Kilonzo,
na neno moja, picha,
na namba, ambayo niliitaka kubwa,
kubwa kiasi kwamba mama wa mitumba Gikomba
aliyesahau miwani anipate bila kumwita mwanawe.

Usiku nilimpelekea Lusweti, bawabu wetu, karatasi ya majaribio.
Akaimulika tochi, akanisomea kwa sauti ya kanisani,
na palipo na nane akasema sita.
Akarudia. Sita.
Asubuhi nikarudi Dubois kubadilisha herufi,
Gathogo akauliza, bawabu naye anaoa lini?
Sijui, nikasema. Lakini akioa.

"Halafu hapa, pembeni, toboa."
"Nitoboe?"
"Dirisha. Mbili kwa tatu, kama picha. Lisizidi ukucha."
Akavua miwani.
"Yaani unanilipa nikutolee karatasi?"
Ndiyo.
"Shimo ni shilingi nne. Kila kadi."
Mia mbili mara nne: hapo imekwenda betri ya pili.
Nikahesabu noti juu ya meza
polepole, zisije zikanionea aibu.

Ijumaa boksi lilikuwa tayari,
karatasi nzito, nyeupe, isiyong'aa,
inayokubali kalamu ukitaka kuandika tarehe ya harusi mgongoni.
Nilikuwa nakagua nane zangu, moja baada ya nyingine,
nilipoona Gathogo kainua kadi hadi jichoni,
jicho la pili kalifinya,
ameelekea dirishani, barabara iko chini.
Mashine ilimaliza kazi yake ikanyamaza.
Hakuigeukia.

"Yule wa mkokoteni," akasema,
"jua limemshika bega moja tu.
Bega moja, Syombua. Mpige sasa hivi."

Kamera nilikuwa nimeiacha Ngara.
Akanisogezea stuli kwa mguu, bila kutoa jicho,
nami nikakaa, nikangoja zamu yangu
ya kuchungulia.